Kabla hujaligusa bapa la kisu

Yakhe kama unataka kutengeneza kisu kwa mkono na bapa lake liwe sawa kwelikweli, sio lile la kupapasa kwa kidole ukasema ah limekaa, basi jua kazi kubwa iko kabla hujaanza kusugua. Chuma kinafuata umbo la kile unachokisugulia. Mie kisu changu cha kwanza nilikisugua juu ya kipande cha tailizi kilichobaki bafuni, siku mbili mkono unaniuma, kuja kuweka rula naona mwanga unapita katikati, kumbe tailizi yenyewe imebetuka na bapa likatoka na kibonde. Iliniuma sana.

Kwa hiyo kwanza tafuta kioo kinene. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu wanakuwa na vipande, milimita 10 ndo kizuri, maana chembamba kinapinda ukikikandamiza. Kingo zipitishwe msasa zisikukate, na meza isiyumbe.

Halafu rula ya chuma, usiiamini tu kwa sababu mpya. Chora mstari kwa penseli yenye ncha kali, igeuze ilalie upande wa pili wa mstari, ukingo uleule, chora tena palepale, mistari ikiachana hata kidogo hiyo rula haifai kupimia.

Chuma chenyewe sasa, wengi huku tunatumia springi za gari na springi inakuja na upinde wake na ugumu wake, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu makavu ipoe polepole mpaka asubuhi, ndo uigonge inyooke. Ukiruka hapo utakuwa unaondoa upinde kwa msasa, karatasi zinakwisha na kisu kinabaki kinene huku na chembamba kule.

Msasa wa maji nunua wa kutosha, namba 120, 220 na 400, namba ikipanda ndo msasa laini zaidi, usibane matumizi maana uliochakaa hauli chuma unateleza tu na wewe unazidi kukandamiza. Urushie maji kidogo nyuma ushike kwenye kioo, ukiwa umevimba pembeni unakula kingo za kisu.

Na usikose maka pen. Paka bapa zima jeusi, sugua mara tatu nne, geuza utizame: palipong'aa ndo kilima, palipobaki weusi ndo bonde. Mie huwa nazunguka nacho mpaka mlangoni kwenye jua, maana taa ya ndani inaficha. Endelea mpaka weusi uishe wote kwa pamoja.

Lakini usimalizie kabla ya kukitia moto tena na kukichovya mafutani ili kiwe kigumu, chuma hujipinda hapo, zaidi makali yakiwa membamba au upande mmoja umeliwa kuliko mwengine. Acha makali unene wa milimita moja hivi, kazi ya mwisho ifanye baada ya moto.

Kitambaa chenye mafuta kiwe karibu tangu mwanzo. Huku Pemba na huu upepo wa bahari, ukiacha bapa uliyotoka kulisugua likalala na maji, asubuhi unakuta madoa ya kutu na unarudi namba 220.