Somo: Kuyatazama macho ya mtoto mwenye disleksia anaposoma

Wazazi na walimu wenzangu wa Mombasa, macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari bali huruka na kutua, kama walivyoeleza watafiti wa macho wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Mtu mzima aliyezoea kusoma Kiingereza hutua kwa takriban robo ya sekunde, huruka herufi 7 hadi 9, na katika kila miruko 100 hurudi nyuma mara 10 hadi 15. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma, hutua mara nyingi na kwa muda mrefu zaidi, huruka hatua fupi, tena hurudi nyuma mara kwa mara. Wengi wakiona hivyo huyalaumu macho, na hapo ndipo mtoto anapopotezewa wakati, kwa kuwa macho yake yanaingojea akili iunganishe herufi na sauti.

Hatua ya 1. Tayarisha aya mbili za Kiswahili ambazo mtoto hajawahi kuzisoma: moja ya gredi yake na nyingine nyepesi zaidi.

Hatua ya 2. Katikati ya kila karatasi, baina ya mistari, toboa tundu la nusu sentimita. Njia hii aliieleza Mmarekani Walter Miles mwaka 1928, na haihitaji mashine yoyote.

Hatua ya 3. Mweleze mtoto unachotaka kufanya, kisha keti mbele yake, uishike karatasi wima na uchungulie tunduni anaposoma kimya. Kumbuka kwamba kulia kwake ni kushoto kwako. Utayaona macho yakitua, yakiruka, na mwisho wa mstari yakirejea kwa mruko mrefu mwanzoni mwa mstari unaofuata. Miruko midogo itakupita, lakini vituo virefu huonekana wazi.

Hatua ya 4. Linganisha aya mbili. Ikiwa kwenye aya nyepesi vituo vinapungua na macho hayarudi nyuma sana, basi macho yenyewe yanaweza kazi yake, na uzito umo katika maneno.

Hatua ya 5, ambayo kwangu ndiyo muhimu kuliko zote: mwambie asome kwa sauti, nawe utie alama kila anapokwama. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto huyu huenda asikosee sana, ila atasoma polepole mno. Akikwama kwenye «waliponyang'anywa», lifunike kwa kadi, ulifunue silabi kwa silabi, wa-li-po-nya-ng'a-nywa, atamke kila moja, kisha alisome zima. Rudieni kesho yake.

Jaribio hili halithibitishi disleksia. Kwa tathmini, mpelekeni kituo cha EARC, yaani kituo cha kutathmini mahitaji ya kielimu ya watoto.

MASWALI

Mzazi, Likoni: Mwalimu, nimeuziwa mazoezi ya macho na miwani ya rangi. Niendelee?

Jibu: Mama, mpeleke kwanza apimwe macho, maana asiyeona vizuri anahitaji miwani ya kuonea. Ama mazoezi na lenzi za rangi, vyama vya madaktari wa watoto na wa macho nchini Marekani vilitamka kwa pamoja mwaka 2009 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa vinatibu disleksia. Fedha hizo ni afadhali zimlipe mwalimu wa kumfundisha sauti na silabi.

Ustadh, Mji wa Kale: Assalaam alaykum, mwalimu. Mwanafunzi wangu hukwama kwenye Kiswahili, lakini Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Qur'ani, huisoma kwa Kiarabu bila kusita. Je, kusoma kutoka kulia kunamfaa?

Jibu: Wa alaykum salaam, ustadh. Ni kweli kwamba macho huizoea njia ya maandishi: anayesoma kuelekea kulia hunasa herufi nyingi zaidi upande wa kulia wa pale alipotua, na wasomaji wa Kiebrania hunasa zaidi upande wa kushoto. Lakini mwelekeo hauondoi disleksia. Nashuku kwamba Juzuu Amma ameihifadhi, hivyo mpe aya asiyoihifadhi, yenye irabu zote, na umsikilize anaposoma. Akikwama na hapo pia, mfundishe herufi na irabu zake kwa utaratibu uleule wa hatua ya 5, ukilifunua neno kutoka kulia.