Namna ya Kulinda Waranti ya Simu Kabla ya Kuifungua au Kuiruti

Mtu anayetaka kubadili chochote katika simu au tableti yake, iwe ni kuiruti (kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wake), kuiflashi (kuiwekea upya programu ya mfumo) au kuipeleka kwa fundi wa Kariakoo abadilishe kioo, aanze kwa kujua ni nani hasa aliyempa waranti. Waranti ya mtengenezaji, ambayo kwa simu nyingi mpya ni ya miezi 12, ni tofauti na ya duka. Muuzaji wa Mtaa wa Aggrey anayekuandikia waranti kwenye risiti yake anajifunga yeye mwenyewe, wala hakifungi kiwanda, na simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine inaweza kukataliwa na kituo cha huduma cha hapa Dar es Salaam hata kama haijawahi kuguswa na fundi. Jambo hili liulizwe kabla ya kulipa.

Ukiwa bado dukani, bonyeza *#06#, linganisha namba ya IMEI inayotokea na ile ya kwenye boksi, kisha udai risiti ya EFD. Risiti hiyo ipige picha siku hiyo hiyo, maana maandishi yake hufifia.

Kuiruti simu ndiko kunakohitaji tahadhari kubwa zaidi. Kwa kawaida hatua ya kwanza ni kufungua kufuli la mfumo unaoiwasha simu, na kufuli hilo likifunguliwa kila kitu kilichohifadhiwa ndani hufutika, kwa hiyo hamisha picha na namba zako mapema. Katika simu za Samsung zenye Knox, yaani mfumo wa usalama wa kampuni hiyo, programu isiyo ya kampuni ikiwekwa, alama ya kudumu hujiandika ndani ya simu, na hata fundi akirudisha programu ya kiwandani alama hiyo haifutiki. Ushauri wa "irudishe ilivyokuwa halafu uipeleke" hausaidii hapo. Programu nyingi za benki nazo hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyorutiwa, na kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kumfanya mwenye simu moja tu asubiri hadi muda wa waranti uishe.

Kwa upande wa vifaa, kituo hutazama skrubu, gundi ya kioo, na vile vibandiko vidogo vyeupe ambavyo hugeuka vyekundu vikilowa. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kwa kawaida kumlazimisha mteja atumie vipuri au mafundi wake pekee ili waranti iendelee, na mwaka 2018 mamlaka ya biashara ya huko ilizionya kampuni kadhaa kuhusu masharti ya namna hiyo. Usiitegemee sheria hiyo ukiwa Dar es Salaam, ila hoja iliyomo ndani yake unaweza kuitoa kwa heshima: betri iliyobadilishwa inahusianaje na kamera iliyokufa?

Wakikataa, omba sababu waiandike kwenye karatasi ya mapokezi, pamoja na tarehe, IMEI na jina la kituo. Karatasi hiyo, risiti na masharti ya waranti ndivyo utakavyoambatanisha na malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo pia inamlinda mlaji.