Namna ya kutembea Dodoma hadi Mvumi na mzigo, kuwakumbuka wapagazi wa vita

Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ukoo wetu na majirani tunatoka Dodoma mjini saa kumi alfajiri kwenda Mvumi kwa miguu. Ni kilomita kama 40, na kila mtu ana mzigo wake. Mwaka huu wageni ni wengi na wote wananiuliza wajiandaeje. Nimekuwa muuguzi miaka 31, na miguu mingi ya safari hii imepita mikononi mwangu, kwa hiyo nawaandikia wote kwa pamoja.

Kwanza mjue tunatembea kwa ajili ya nani. Baba yake babu yangu alichukuliwa upagazi katika Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa wameshakusanya watu, ng'ombe na nafaka hapa Ugogo, na walimu wa Kiafrika wa misheni za Kiingereza walifungwa minyororo wakishukiwa upelelezi. Mwishoni mwa Julai 1916 jeshi la upande wa Waingereza likaingia Dodoma, nalo likataka wapagazi na chakula. Kwa upande huo wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi, na wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na uchovu, si risasi. Waliobaki nyumbani wakakutwa na Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo bibi zetu walikuwa wakiitaja kwa sauti ya chini. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Baba yake babu hakurudi. Hana kaburi, wala hatujui alianguka wapi.

Wazo la mzigo tulilipata kwa jirani aliyesoma habari za Marekani. Kule New Mexico, tangu 1989, watu hutembea kilomita 42 kila mwaka kuwakumbuka askari wa Marekani na Ufilipino waliotekwa Bataan mwezi Aprili 1942. Mateka wapatao 75,000 walitembezwa juani karibu kilomita 100, maji wananyimwa, na mara nyingi aliyeshindwa kuendelea aliuawa palepale. Wanaotaka kuionja adha hiyo hubeba kilo 16. Siku jirani alipotusimulia, mjomba wangu, aliyekwenda Vita vya Kagera akiwa mgambo, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Basi sisi wa mwisho ndiye atakayetupa mwendo." Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza hadi leo. Mwenye mwendo wa polepole kuliko wote anatangulia, na hakuna anayempita.

Anza mazoezi mwezi Mei, mvua zikiwa zimekwisha. Jumamosi ya kwanza tembea kilomita 8 bila kitu mgongoni, kisha ongeza 3 au 4 kila wiki. Wiki mbili kabla ya safari uwe umeshafika 28 angalau mara moja ukiwa na mzigo. Baada ya hapo pumzisha miguu. Mwenye presha, sukari au mimba amwone daktari kwanza, na asione haya kutusubiri Mvumi.

Mzigo ni nafaka: uwele au mtama, kwenye begi la mgongoni. Mgeni abebe kilo 5, mzoefu asizidi 16. Tulipoanza tulibeba mawe, nikayakataa. Wapagazi walibeba chakula cha wengine huku wao wana njaa, kwa hiyo chetu kinaishia kwa wazee wa Mvumi wasio na wa kuwalimia. Uzito ukae juu, karibu na mabega, usining'inie kiunoni. Akina mama waliozoea kubeba kichwani wabebe kichwani, kwa ngata nzuri ya khanga.

Sasa miguu, na hapa nisikilizeni vizuri. Mwaka wa tatu mpwa wangu wa miaka 19 alikuja na raba mpya kabisa. Tulipokuwa tunapanda vilima vya Ntyuka nikamwona anakanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu. Nikamuuliza, akasema yuko salama. Baada ya saa mbili nikamkalisha chini ya mbuyu kwa nguvu. Soksi ilikuwa imegandana na kisigino. Ilibidi niimwagie maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai na kuibandua taratibu, na ngozi upana wa shilingi mia mbili ikaja nayo. Nilipomkaripia alijibu: "Mamdogo, wao hawakulalamika." Nikamwambia walilalamika sana, ila hakuwepo wa kuwasikia. Kwako wewe yupo.

Basi viatu viwe ulivyovitembelea zaidi ya kilomita 100. Kata kucha siku tatu kabla. Paka mafuta ya mgando visiginoni na katikati ya vidole, vaa soksi zisizo na mshono mnene, na beba jozi ya pili. Ukihisi mahali panaunguza, sema hapohapo. Plasta ya dakika mbili inaokoa siku nzima. Lengelenge dogo liache. Kubwa linalouma nitalitoboa pembeni kwa sindano safi, lakini ngozi yake haitolewi, maana ndiyo kifuniko.

Maji ni lita 3 hadi 4 kwa mtu. Upepo wa Julai unadanganya: jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona huna kiu, kumbe unaishiwa. Kunywa mafunda machache kila robo saa. Kwenye lita moja ya maji safi na salama tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Wapagazi wa misafara ya zamani walipovuka nyika kavu ya Marenga Mkali, mashariki ya hapa, walikuwa na mwendo walioita tirikeza: wanaondoka mchana, wanalala njiani pasipo na maji, wanayafikia kesho yake asubuhi. Sisi hatutirikezi. Gari la madumu linatangulia.

Kabla ya kutoka, kunywa uji wa uwele. Vaa sweta, alfajiri ya Dodoma mwezi huo inauma. Barabarani tembea kulia ukiyatazama magari, na tochi iwake hadi kupambazuke. Watendaji wa vijiji tutakavyopita nitawaarifu mimi.

Kwenye begi lako kutakuwa na kipande cha kitambaa cha marekani chenye jina moja. Wengine ni wa Kagera, majina kamili na vyeo. Wapagazi wengi hatuna majina yao, tumeandika tu "baba yake Mazengo" au "kaka wa bibi". Tukifika, kabla ya kukaa, mjomba anasoma majina moja moja, na aliyembeba anajibu: "Amefika." Halafu mzigo unashuka, na mabeseni ya maji ya chumvi yanakuwa tayari. Vueni viatu wote, niwakague.