Kabla hujamtoa mpangaji nyumbani kwako

Mpangaji ana miezi mitatu hajalipa kodi, simu hashiki, na fundi yuko tayari kuja kung'oa mabati. Msimamishe fundi kwanza. Bati likishatoka, wewe uliyekuwa unadai utageuka mdaiwa, maana mpangaji ataenda kortini kuomba amri ya kurudishwa na fidia juu yake. Kufuli mlangoni, kukata stima na kufunga maji ni yaleyale.

Anza na kiasi cha kodi. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi inalindwa na Sura ya 296 ya sheria za Kenya. Hapo hutamtoa mtu bila amri ya baraza la kodi za nyumba, na kumsumbua kwa makusudi ili ahame ni kosa la jinai. Nyumba ya kodi ya juu zaidi, kesi yake huenda kwa hakimu.

Notisi iwe ya maandishi. Anayelipa kila mwezi, na hamkuandikiana muda mwingine, apewe angalau mwezi mmoja, kama inavyosema Sheria ya Ardhi ya 2012. Iandike tarehe, mpe mkononi mbele ya shahidi, nawe ubaki na nakala iliyotiwa sahihi. Wengi hukwama hapa: walitamka tu mlangoni, siku ya kesi hawana karatasi. Notisi ikiisha naye bado yumo, angalia unachopokea. Ukichukua kodi kwa miezi miwili tangu upangaji ulipokoma, sheria inahesabu kwamba umeanza naye upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi, na notisi ile imekufa.

Dalali wa mnada mwenye leseni anaweza kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya malimbikizo. Lakini kazi yake hiyo ni kukusanya deni, haikurudishii nyumba. Akikuambia atabeba makochi na kumfungia mpangaji nje siku hiyohiyo, mkatalie. Kumtoa mtu kunahitaji amri.

Kwa hiyo weka pamoja mkataba, stakabadhi, rekodi za M-Pesa na hesabu ya deni mwezi kwa mwezi, amana ikiwa imeonyeshwa. Kisha, kabla ya kulipia kesi, keti na mpangaji. Ana watoto, na ukimsamehe mwezi mmoja huenda akahama kwa hiari. Basi mwandikiane tarehe.