SOMO: Kitabu cha picha na watoto wa chekechea, wasimshangae mwenzao mwenye ualbino

Habari za leo wadau, niliahidi hili somo tangu wiki iliyopita, samahani ripoti za watoto zilinibana.

Mi nafundisha chekechea, watoto wa miaka 5. Mwaka juzi nilipokea mtoto mwenye ualbino nikiwa sijajiandaa chochote. Siku ya kwanza wenzake waligoma kukaa naye benchi moja. Siku ya pili nikafanya lile kosa ambalo walimu wengi tunalifanya, nikamsimamisha mbele nikasema huyu ni mwenzenu mpendeni, darasa zima likamkodolea macho, mtoto akaangua kilio. Tangu siku ile nikasema bora wakikodolee macho kitabu wakichoke kuliko kumkodolea mtoto wa watu.

Hatua ya 1: pata kitabu, au kitengeneze
Tafuta hadithi ambayo mtoto mwenye ualbino yumo tu na shughuli zake, anatafuta mbuzi aliyepotea, anagombania andazi na dada yake. Zile za kumuonea huruma achana nazo, watoto wakitoka hapo wanamuita maskini na kwenye mpira hawamuiti. African Storybook wana hadithi nyingi za Kiswahili bure mtandaoni, unapitia zipi zinafaa, unasoma kwenye simu au unaprinti. Ila mi ninachokitumia zaidi nimekitengeneza mwenyewe kwa kalenda ya ukutani iliyopitwa na wakati, upande wa nyuma si mweupe, unakata, unakunja, unashona katikati kwa uzi wa viatu. Kuchora sijui, nilimuomba kijana mmoja anayeandika mabango akanichorea kwa bei ya soda. Ukurasa mmoja sentensi moja, maandishi makubwa meusi ya makapeni, maana huyo mwenye ualbino naye lazima asome na macho yao mara nyingi hayaoni mbali.

Hatua ya 2: ongea na mzazi kwanza
Muulize nyumbani wanamwambiaje mtoto kuhusu hali yake, usije ukamwambia kitu kingine. Na lile neno zeruzeru liishe kwako kabla hujafungua kitabu.

Hatua ya 3: picha kwanza, we nyamaza
Fungua ukurasa, uliza mnaona nini, basi. Mi nilidhani wataanza na rangi ya yule mtoto, wapi! Walianza na mbuzi, wakabishana kama ni dume au jike. Baadaye ndo binti mmoja akasogea akasugua shavu la kwenye picha kwa kidole, akakiangalia kidole chake, akasugua tena. "Ticha haitoki." Nikamwambia haya jaribu na ya kwako. Akajisugua mkono, haitoki. Weee, darasa zima wakaanza kusuguana mikono, kelele dakika 5 nzima, na yule mtoto mwenye ualbino naye yumo anasugua wenzake anacheka. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu hayo, hata sikuyagusa.

Hatua ya 4: maswali yajibu kavukavu
Watauliza kaungua? anaumwa? nikimshika nitakuwa hivyo? Usishtuke wala usiwakaripie. Mi nasema mwilini kuna kitu kinaitwa melanini ndo kinaipa ngozi na nywele na macho rangi, yeye anacho kidogo sana, kazaliwa hivyo, na hauambukizwi hata mkila sahani moja. Jua linamuunguza haraka ndo maana ya kofia pana na mikono mirefu. Na hili la kukaa benchi la mbele lielezeni mapema kwamba haoni mbali, maana watoto rangi wanaizoea upesi ila upendeleo hawausahau. Zile habari za mauaji ya watu wenye ualbino kanda ya ziwa miaka ya 2007, 2008, kwa umri huu sizigusi kabisa.

Hatua ya 5: kitabu kilekile, wiki nzima
Halafu kiache kwenye kona wakishike. Changu kimechanika mara mbili nimekishona.

MASWALI YA WADAU

Mama wa wawili: Ticha, kwenye daladala mwanangu kapiga kelele "mama muone mzungu!" na kaka wa watu kasikia. Nilitamani nishuke.
Jibu: Pole dada, najua ulimfinya 😀 Usimfinye, atabaki anajua ukimuona mtu huyo unafinywa. Mwambie kwa sauti ya kawaida sio mzungu, ana ualbino, ni Mtanzania kama sisi, haya mwamkie. Shikamoo moja inamaliza kazi, mengine mtaongea nyumbani na kitabu.

Mdau: Mama mkwe akimuona mtu mwenye ualbino anajitemea mate kifuani, na mwanangu wa miaka 4 ameanza kuiga. Kumkosoa siwezi.
Jibu: Wala usimkosoe. Mpe kitabu, mwambie mama naomba umsomee mjukuu wako mi napika. Kama hasomi picha zipo. Mama yangu mzazi nilimfanyia hivyo hivyo, siku ya tatu akaniuliza mwenyewe, kumbe inatoka kwa baba na mama wote? Nikamwambia ndiyo mama, wote wawili wanaweza kuibeba bila kuonekana, na wakikutana kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Akanyamaza. Kulikuwa na jirani yetu zamani aliachwa kwa ajili hiyo, nadhani ndo alikuwa anamuwaza.

Mdau: Hii inafaa kwa mtoto kiziwi?
Jibu: Inafaa, hadithi ibadilishe tu, na jifunze alama tatu nne uwafundishe wote wakati wa kusoma.

Baba: Mwalimu mwanangu ana ualbino, ana miaka 6. Juzi tunasoma akaniuliza baba nitakuwa mweusi lini, nikamjibu ukikua. Nimekosea?
Jibu: Kaka yangu, rudi umrekebishe, leo jioni kama unaweza, maana atasubiri kweli. Mwambie hautabadilika, na umwambie wewe usimuachie mwalimu. Halafu mtengenezeeni kitabu chake, yeye na nyumba yenu na mifugo yenu. Rangi ya ngozi yake kwenye kreyoni haipo, pitisha pinki na njano kidogo sana, karatasi nyeupe ionekane kwa chini, inakaribia.
Baba: Asante mwalimu. Kuku tunao 7, namjua huyu, atataka wote wawemo.