Kuchakata picha ya setelaiti ya Ghuba ya Mwanza bila kuijaza RAM

Picha moja ya Sentinel-2, setelaiti za Ulaya za kupiga picha za dunia, inatosha kuilaza laptopu ya GB 4. Anayefuatilia magugu maji kuanzia Kirumba hadi Kigongo na Busisi anaipakua bure, anaandika mistari mitano ya Python, kisha skrini inaganda au terminali inaandika `Killed`. Hapo wengi huanza kutafuta hela ya RAM. Subiri kwanza. Kazi hii inamalizika hata kwenye mashine ndogo, mradi wewe ndiye unayeamua kumbukumbu itengwe lini na iachiwe lini.

Nachukulia umeshasakinisha NumPy na rasterio, maktaba za Python za hesabu na za kusoma picha za ramani, na una bendi mbili (picha za aina mbili za mwanga) za eneo moja: B04, yaani nyekundu, na B08, yaani infraredi ya karibu. Zote ni za mita 10 kwa pikseli.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kufungua faili

Ukubwa wa faili kwenye diski usikudanganye, kwa sababu faili la JP2 limebanwa. Likifunguliwa, kila pikseli inadai nafasi yake. Kigae kimoja, yaani picha moja ya mraba, kina pikseli 10,980 kwa 10,980, na kila moja ni baiti 2:

10,980 × 10,980 × 2 = baiti 241,120,800

Hiyo ni MB 241 kwa bendi moja, na bendi mbili ni MB 482. Bado mashine inapumua. Balaa linakuja kwenye kanuni ya NDVI, kipimo cha ukijani: B08 ukitoa B04, ugawe kwa jumla yao. Ukigeuza bendi zote mbili kuwa `float64`, yaani namba za desimali za baiti 8, kila moja inafika MB 964. Tofauti yao ni safu mpya (array) ya MB 964, jumla yao ni nyingine tena. Safu nne hizo pamoja na bendi asilia zinakaribia GB 4.3, na jibu lenyewe bado hujalipata.

Kinachoua programu ni kilele cha matumizi. Hata kama kilele hicho kinadumu nusu sekunde tu, mfumo haukusubiri.

Hatua ya 2: Chagua aina ya namba

Tumia `float32`, desimali za baiti 4. Inakata gharama hiyo nusu, na usahihi wake unazidi mahitaji ya ramani ya magugu. Wapo wanaoona bora kubaki na `uint16`, namba kamili za baiti 2 za faili asilia, ili kubana zaidi. Kwa ziwa, hilo ni kosa baya. `uint16` haijui namba hasi: 300 ukitoa 500 inakupa 65,336, bila onyo lolote. Na kwenye maji wazi infraredi huwa chini kuliko nyekundu, kwa hiyo takataka hizo zitajaa ziwani hasa, mahali unapotafuta magugu.

Hatua ya 3: Soma kwa madirisha

Hapa ndipo penye faida kubwa. Ukijani wa pikseli moja hautegemei jirani yake, basi hakuna sababu ya kushika kigae kizima. Faili zenyewe zimegawanywa ndani kwa vipande vya pikseli 1,024 kwa 1,024, nawe zifuate hivyohivyo, dirisha moja kwa kila kipande:

```python
import numpy as np
import rasterio

with rasterio.open("B04.jp2") as r, rasterio.open("B08.jp2") as n:
    sifa = r.profile.copy()
    sifa.update(driver="GTiff", dtype="float32", nodata=-9999,
                tiled=True, blockxsize=1024, blockysize=1024,
                compress="deflate")
    with rasterio.open("ndvi.tif", "w", **sifa) as toleo:
        for _, dirisha in r.block_windows(1):
            a = r.read(1, window=dirisha).astype("float32")
            b = n.read(1, window=dirisha).astype("float32")
            tupu = (a == 0) | (b == 0)
            jumla = a + b
            jumla -= 2000
            tupu |= jumla <= 0
            b -= a
            np.divide(b, jumla, out=b, where=~tupu)
            b[tupu] = -9999
            toleo.write(b, 1, window=dirisha)
```

Angalia `b -= a` na `out=b`. Zote mbili zinaandika jibu juu ya nafasi iliyokwisha kutengwa. Ungeandika `b = b - a`, NumPy ingetenga safu mpya kwanza ndipo iiachie ya zamani. Safu ya `float32` ya dirisha moja ni kama MB 4, kwa hiyo hesabu yote inacheza chini ya MB 30.

Ile 2,000 inahusu picha zilizochakatwa kwa utaratibu ulioanza Januari 2022, ambao huongeza 1,000 kwenye kila bendi. Kwenye kutoa inajifuta yenyewe. Kwenye kujumlisha lazima uiondoe. Kwa picha za utaratibu wa zamani, futa mstari huo.

Hatua ya 4: Vipande na nakala

Tuseme unataka kilomita 5 kwa 5 tu za pale Kigongo na Busisi, na bendi umeshaisoma yote:

```python
kipande = bendi[4000:4500, 4000:4500]
del bendi
```

Utadhani MB 241 zimerudi. Hazijarudi. Kipande cha NumPy hakina data yake, kinaelekeza kwenye safu mama. Ukishika kamba ya kokoro umeshika kokoro zima. Ongeza `.copy()` mwishoni mwa mstari wa kwanza, ubaki na nusu MB. Au bora zaidi, soma dirisha hilo pekee tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Pima

```python
import resource
print(resource.getrusage(resource.RUSAGE_SELF).ru_maxrss / 1024)
```

Kwenye Linux hii inakupa kilele kwa MB. Kwenye Mac namba hutolewa kwa baiti, kwa hiyo gawanya kwa 1,024 mara nyingine. Ikizidi ulivyokadiria, mshukiwa wa kwanza ni kashe (hifadhi ya muda) ya GDAL, maktaba ambayo rasterio inaitegemea; kashe hiyo kwa kawaida hujipa hadi asilimia 5 ya RAM. Ifunge kwa kuizungushia kazi yote `with rasterio.Env(GDAL_CACHEMAX=128000000):`, yaani MB 128. Usiibane kupita kiasi, maana vipande vitafunguliwa upya kila mara na kazi itaburuta.

Hatua ya 6: Ukitaka kuchuja

Kichujio cha wastani cha 5 kwa 5 kinamtazama jirani, tofauti na NDVI. Ukikipitisha dirisha kwa dirisha bila tahadhari, ramani itatoka na mistari ya miraba katikati ya ziwa, na mtu asiyejua ataiita mipaka ya magugu. Soma kila dirisha likiwa na pikseli 2 za ziada kila upande, chuja, kisha kata zile za ziada kabla ya kuandika. Kichujio cha 9 kwa 9 kinataka 4. Kwenye kingo za kigae chenyewe hakuna jirani wa kusoma, kwa hiyo punguza dirisha liishie pale picha inapoishia.