SOMO: "Borrow" na "lend", na jinsi "azima" inavyotuponza

Kwa Kiingereza, lini useme "borrow" na lini useme "lend"? Swali hili nimelijibu vipande vipande hadi nimechoka. Leo naliandika lote. Mwenzako akiuliza, mwelekeze hapa.

Hatua ya 1. Sahau "azima" kwa muda, maana inakwenda pande zote mbili: "nimeazima kwake" na "ameniazima". Shika kopa na kopesha. "Borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha, hata kama kinachoombwa ni kalamu.

Hatua ya 2. Anayepokea: "borrow". Anayetoa: "lend".

Hatua ya 3. Wakati uliopita: "borrowed", "lent". "Lended" hakuna.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipoanguka. Nilimwandikia mkuu wangu kazini: "Please borrow me a dictionary." Akajibu maneno mawili: "From whom?" Alielewa kwamba namtuma akaniazimie kwa mtu mwingine, na kamusi ilikuwa mezani kwake. "Lend" hubeba shamirisho mbili, mtu na kitu: "Lend me a pen", au "Lend a pen to me". "Borrow" hubeba kitu tu, mwenye kitu anakuja baada ya "from": "I borrowed a pen from her." ONYO: ukiona "me" imeifuata "borrow", futa sentensi uanze upya. Na usiandike "borrow to".

Hatua ya 5. Ukiomba, tazama kiima. "Can I borrow…?" kwa sababu mimi napokea. "Can you lend me…?" kwa sababu wewe unatoa.

MASWALI

— Mbona watu wanasema "borrow me" na wanaeleweka?
Zipo lahaja zinazosema hivyo. Kwenye mtihani na barua ya kazi ni kosa. Hatua ya 4 imeeleza.

— Sijasoma yote, nipe kwa kifupi.
Hatua ya 2 ina maneno manne.

— Mwalimu, "niazime" yenyewe ni "borrow" au "lend"? Nikitafsiri nakwama.
Umeuliza jambo zito, ahsante. Ni zote mbili. Katika "Niazime kitabu chako", "ni-" ni mtendewa: wewe unatoa, basi "Lend me your book". Katika "Naomba niazime kitabu chako", "ni-" inaweza kuwa mtenda: mimi nachukua, basi "May I borrow your book?" Umbo ni lile lile. Kabla ya kutafsiri, jiulize "ni-" hiyo anafanya au anafanyiwa.

— Na "loan"?
Nomino: mkopo. Wamarekani huitumia pia kama kitenzi badala ya "lend".

— Nikitaka kuingia chooni kwa mtu niseme "borrow"?
Hapana, "use". Kisichobebeka hakiazimwi. Ila maneno huazimwa: "Swahili borrowed 'kitabu' from Arabic" ni sahihi kabisa, ingawa hatulirudishi.